Mkaa Katika Kichungi cha Sigara: Hunasa Nini, na kwa Uvutaji Upi?

Sigara zenye chembechembe za mkaa amilifu ndani ya kichungi si jambo jipya. Nchini Japani zimezoeleka kwa miongo mingi, na wanaozitetea hawasemi uongo wanapodai kwamba mkaa huo hunasa sumu. Vinyweleo vyake, yaani vitundu vidogo mno vilivyotapakaa ndani yake, hushika gesi tete kama benzeni, akrolini na asetaldehidi, ambazo nyuzi za kichungi cha kawaida huziachia zipite karibu zote. Ila madai hayo hayakamiliki mpaka itajwe namna sigara ilivyovutwa.

Mashine ya maabara ya kupima moshi wa sigara, ikifuata utaratibu wa ISO (shirika la kimataifa la viwango), huvuta mililita 35 kwa sekunde 2, mara moja kila dakika, huku matundu ya hewa kwenye kichungi yakiwa wazi. Utaratibu mkali wa Kanada huvuta mililita 55 kwa sekunde zilezile 2, kila baada ya sekunde 30, matundu yote yakiwa yamezibwa. Yaani kwa dakika moja mashine huvuta mililita 110 badala ya 35, tena moshi haukuzimuliwa kwa hewa na unapita kasi, hivyo gesi hukosa muda wa kushikwa. Ifikapo mivuto ya mwisho, mkaa ukiwa haba umeshajaa. Kichungi chenye miligramu 45 hivi za mkaa, ambacho kwa ISO huonekana kufaa, hapo hupoteza sehemu kubwa ya faida yake, ilhali chenye miligramu 120 au 180 huendelea kunasa. Mvutaji mwenye uchu wa nikotini naye huvuta kwa nguvu na kuziba matundu kwa vidole au midomo bila hata kujua.

Wanaopinga wana hoja nzito zaidi, nami naelemea kwao. Hata mkaa mwingi hauzuii kaboni monoksidi, na lami (chembe nzito zinazonata za moshi) pamoja na nitrosamini zake, kemikali zinazosababisha saratani, hupita karibu kama kawaida. Utafiti wa mkoa wa Aichi, Japani, uliochapishwa mwaka 2005, haukuona kwamba kichungi cha mkaa kilipunguza hatari ya saratani ya mapafu. Hata hivyo, akrolini huwasha njia za hewa, na kuipunguza si kazi bure. Ndiyo maana naona busara katika pendekezo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) la mwaka 2008: sumu kadhaa ziwekewe ukomo, zipimwe kwa utaratibu ule mkali, na makampuni yakatazwe kujitangazia matokeo hayo kwa wateja.