Likichemsha kwenye foleni, acha themostati, tazama feni

Gari likichemsha, mafundi wengi wana neno moja tu: "Tutoe themostati," yaani ile valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Hakuna kilichopimwa, boneti ndiyo kwanza imefunguliwa. Mimi napinga dawa hiyo kwa gari lolote, ila kuna gari moja ambalo kwalo haina hata kisingizio: lile linalokwenda vizuri barabarani, mshale wa joto umetulia, halafu likikaa kwenye foleni mshale unapanda. Foleni ikifunguka, unashuka tena.

Gari la namna hiyo limeshakutajia nusu ya ugonjwa wake. Likiwa kwenye mwendo, upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Likisimama, upepo wote unategemea feni. Themostati iliyokwama ikiwa imefunga haichagui foleni. Ingechemsha gari kwenye mlima na kwenye mwendo mkali kuliko hata likiwa limesimama, kwa sababu huko ndiko injini inakotoa joto jingi.

Kwa hiyo anza na feni. Kama ni ya umeme, washa AC injini ikiwa inaunguruma. Kwenye magari mengi feni inatakiwa kuitikia muda mfupi baadaye. Ikinyamaza, kagua fyuzi, kisha badilisha rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha) na nyingine ya aina ileile iliyo jirani kwenye boksi. Bado? Ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, tatizo liko kwenye sensa, waya au rilei. Isipozunguka, mota imekufa, na mara nyingi ni kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zilizolika. Vidole viwe mbali, maana feni ya umeme inaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa.

Kazi ngumu ni ile feni inayozunguka lakini haifanyi kazi. Fundi anaiona inazunguka, anasema "feni nzima," na hapo safari ya kununua rejeta mpya inaanza. Lakini kuzunguka peke yake si ushahidi. Feni inaweza kuzunguka kinyume kwa sababu mtu aligeuza nyaya alipoifunga. Inaweza kubaki na spidi ndogo tu, ile kubwa imekufa. Chukua karatasi, iweke mbele ya grili feni ikiwa inazunguka: inatakiwa ivutwe na kunata. Ikipeperushwa kuja kwako, au ikianguka chini, umepata pa kuanzia, na hukulipa chochote.

Pikapu na magari mengi ya zamani yana feni inayozungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikishapata moto, izime, kisha izungushe feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kirahisi mizunguko kadhaa, klachi imechoka.

Kuna kitu kingine ambacho sielewi kwa nini watu wanakitupa: lile kava la plastiki linaloizunguka feni. Likivunjika au likisumbua wakati wa kufungua injini, linaachwa gereji kama vile lilikuwa pambo. Kazi yake ni kuilazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Bila hilo, feni inavuta hewa ya pembeni, tena yenye moto wa injini yenyewe, na sehemu kubwa ya rejeta inabaki haipati upepo. Vivyo hivyo uchafu unaojificha kati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, iliyo mbele yake) na rejeta: ukitazama kwa mbele unaona pasafi, kumbe ndani kumejaa vumbi na wadudu. Osha kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Feni ikishathibitika nzima ndipo uihoji pampu ya maji. Ikiwa feni ni ya umeme, kanyaga mafuta kidogo gari likiwa limesimama, injini ifike mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Joto likishuka, shuku pampu: pengine mapangaboi yake yamelika na hayasukumi maji ya kutosha injini ikiwa inazunguka polepole. Au maji yamepungua, au kuna hewa imebaki kwenye mfumo baada ya kujaza. Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Presha ya takriban baa 1 inapandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu 120°C. Mfuniko ukilegea, faida hiyo imepotea. Usiufungue injini ikiwa ya moto.

Na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake? Inawezekana, lakini ina kipimo chake: dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya injini kwenye rejeta. Asiyepima asikufungulie hedi.

Nirudi kwenye themostati, kwa wanaosema kuitoa hakuna hasara. Injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, na injini inalika. Tena kwenye injini nyingine themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umeongeza tatizo ulilokuja nalo.

Gari likishatengenezwa, fundi atakuomba mkalijaribu barabarani. Kataa. Barabarani halikuwahi kuchemsha. Liache palepale gereji limesimama, AC imewashwa, mashine ya kupima ikisoma joto halisi, mpaka uone feni inafanya kazi na joto limetulia bila kupanda. Ndipo ulipe.