Kuambiwa Tu Maji Yatatoka Saa Ngapi

Mama yangu anaishi Kigamboni, mimi naishi Hamburg. Dar es Salaam na Hamburg ni miji rafiki kwa mkataba tangu 2010, na kuna jambo moja ambalo miji hii inafanana kweli: yote ni ya bandari, na kila asubuhi watu wake wanavuka maji kwenda kazini. Kwetu ni pantoni ya Kigamboni kwenda Magogoni. Huku ni boti namba 62, inayotoka Landungsbrücken kwenda Finkenwerder, na mwenye tiketi ya mwezi ya mabasi na treni anaipanda bila kuongeza hata senti. Kila ndugu akiniuliza "Ulaya kukoje?" huwa naanzia hapo kwenye kivuko.

Wengi wanadhani nitasifia boti. Hapana. Boti ya 62 inajaa watalii na baiskeli, na ukungu ukishuka mtoni inachelewa kama chombo chochote. Ninachosifia ni kibao. Pale gatini kuna kibao kinachosema boti inakuja baada ya dakika 7, na kama haitakuja, kinasema haitakuja. Treni za Ujerumani nazo zinachelewa kuliko mnavyodhani huko nyumbani. Nimeshakaa stesheni saa nzima katika baridi ya Januari. Lakini kibao kilisema dakika 60, nikaenda zangu kunywa chai, nikapiga simu kazini, nikarudi. Kwetu nimesimama kwenye lango la pantoni nimebanana na mamia ya watu, wachuuzi wa samaki na ndoo zao, wanafunzi na sare zao, mgonjwa ndani ya bajaji, na hapakuwa na mmoja wetu aliyejua kama tunangoja dakika kumi au saa mbili. Ukiuliza unajibiwa "subirini". Mtu angejua kuwa ni saa mbili angezungukia darajani, ingawa ni mbali na nauli inaongezeka. Hakuambiwa, kwa hiyo alisimama.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na nalisema kwa uchungu kwa sababu linamgusa mama yangu. Bombani kwake maji hutoka kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane, siku zisizojulikana. Wapo majirani wenye visima, ila maji ya visima vya pale yana chumvi, sabuni haitoi povu na chai haiingii mdomoni. Basi mama ana mbinu yake. Akienda kulala anaacha bomba wazi, na chini yake anaweka sufuria ya bati iliyofudikizwa juu ya tofali. Maji yakianza kuja, kwanza bomba linakohoa hewa, halafu matone yanaanza kugonga bati: ta, ta, ta. Kwa mlio huo anaamka. Anaondoa sufuria, anapachika mpira, anajaza simtanki, madumu, ndoo, mpaka mabeseni ya kuogea. Ni saa tisa au saa kumi za usiku, na ana miaka sitini na nane. Usiku ambao maji hayakuja, hakulala vizuri pia, maana alikuwa akisikiliza.

Nilipokwenda likizo nililala chumba cha pili na mlio ule nikausikia kwa masikio yangu. Nilitoka kumsaidia nikamkuta ameshajaza nusu. Akaniambia, "Rudi ulale, mwanangu, umesafiri." Ujerumani nafungua bomba nikiwa bado na usingizi, maji yanatoka, nayanywa hapo hapo. Sihitaji kuelezwa kwamba nchi tajiri na nchi maskini hazilingani. Najua bomba jipya ni ghali, pampu ni ghali, umeme wa kusukuma maji ni ghali. Lakini kumwambia mtu "mtaa wenu ni Jumanne, kuanzia saa nane usiku" kunagharimu nini? Anayefungua koki anajua anaifungua lini. Sisi wa mtaani ndio tunaofichwa, na nadhani tunafichwa kwa sababu hakuna anayeona kuwa saa za mama mzee ni kitu cha kuhesabiwa.

Sasa nisieleweke vibaya. Huku nako kuna adha zake, na zipo zinazonifanya nikumbuke nyumbani hadi machozi. Ya kwanza ni karatasi. Ukihamia nyumba unapewa wiki mbili uwe umejiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, na kujiandikisha kunataka fomu ya mwenye nyumba yenye saini yake, na kuonana na ofisa kunataka Termin, yaani miadi, na miadi ya karibu inaweza kuwa wiki sita mbele. Kila kitu kinakuja kwa barua. Jina lako lisipobandikwa kwenye sanduku la barua, wewe haupo. Barua inarudi ilikotoka, na faini ya kutoijibu inaendelea kupanda. Mwezi wangu wa pili nilipokea barua ya kunidai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, iwe na televisheni au isiwe nayo. Sikuwa na televisheni. Nililipa.

Kwetu ukikwama kuna mtu wa kumfuata. Unakwenda kwa mjumbe, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani, unaeleza. Anaweza kukuzungusha, anaweza kukwambia njoo kesho, lakini ana uso na unaweza kumsihi. Barua haisihiki.

Na pesa! Watu wa Ulaya wanaokuja kutufundisha maendeleo waje kwanza wajifunze kwetu kutuma pesa. M-Pesa ilianza Kenya 2007, kwetu 2008, na leo muuza mihogo pembeni ya barabara ana lipa namba. Huku bado nakuta duka la mikate limeandika mlangoni kwamba linapokea fedha taslimu tu. Mara ya kwanza kumrudishia mwenzangu wa kazini hela ya chakula, nilijaza namba yake ya akaunti ya tarakimu na herufi 22, hela ikamfikia kesho yake. Nilimwambia kwetu bibi wa kijijini anapokea kabla hujakata simu. Hakuniamini.

Halafu kuna suala la fundi. Milango ya nyumba za huku ukiivuta inajifunga, na kwa nje haina kitasa cha kuzungusha. Usiku mmoja wa Desemba nilitoka na mfuko wa taka, nimevaa kandambili, upepo ukasukuma mlango nyuma yangu. Ufunguo ndani, simu ndani. Jirani wa mlango wa pili, bibi wa Kijerumani ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tu, alisikia nikihangaika akatoka. Alinipa kiti, blanketi na simu yake. Fundi wa kufuli alikuja, akaingiza kipande cha plastiki pembeni ya mlango, ukafunguka kabla sijahesabu hadi kumi. Euro 180. Kwa hela hiyo, Kigamboni fundi anakubadilishia kitasa, anakupakia rangi mlango mzima, na chenji inabaki ya pilau ya mtaa. Bibi yule aliniambia wenyeji wote huacha ufunguo wa akiba kwa jirani. Tangu usiku ule wangu uko kwake, na wake uko kwangu, na Jumapili maduka yakiwa yamefungwa huja kuniazima vitunguu. Kwa hiyo wanaosema Wazungu hawana ujirani, mimi sikubaliani nao tena.

Nikipima yote, barua, faini, kimya cha Jumapili, fundi wa bei mbaya, bado ninayaona ni mambo ya kuzoeleka. Ninachoshindwa kukizoea ni mlio wa sufuria ile, na ninaishi kilomita maelfu mbali nayo.

Mwaka jana mtaani kwa mama walifungua kundi la WhatsApp. Yupo kijana mmoja anayeishi karibu na koki kubwa, na akiona wanakuja kuifungua, hata iwe saa ngapi, anaandika neno moja: "Yanakuja." Mama nilimnunulia simu, nikamwekea mlio mkubwa kwa ajili ya kundi lile peke yake. Tangu hapo analala bila kusikilizia bomba. Simu ikilia anaamka, isipolia anapumzika mpaka alfajiri. Maji ni yale yale, mgao ni ule ule, bomba ni lile lile. Wiki iliyopita kijana alisafiri kwenda Lindi kwenye msiba, na nilipompigia mama jioni aliniambia ameshaifudikiza sufuria juu ya tofali.