Hazijapona jamani, zimekomaa tu

Kichwa cha habari kinasema seli za saratani ya damu "zimegeuzwa kuwa nzima" kisa vipokezi (protini za juu ya seli) vimebadilika, mbona mnaenda mbio hivyo? Mimi nimekaa na HL-60 maabara, hizo seli zilitoka kwa mgonjwa mmoja wa leukemia miaka ya 70 na mpaka leo zinagawanyika tu kwenye chupa, sasa ukiziwekea asidi ya retinoiki (jamii ya vitamini A) au DMSO (kimiminika cha maabara) kidogo, siku nne tano hivi zinaanza kukomaa, kiini kilichokuwa duara kinabonyea bonyea kama cha neutrofili, ile seli nyeupe ya damu, na huku juu CD11b, kipokezi cha seli iliyokomaa, inapanda halafu CD71 inashuka, hiyo CD71 ndo mlango wa kuingizia madini ya chuma na seli ikiacha kugawanyika chuma chote hicho cha nini. Unazipaka antibodi yenye rangi inayoshika CD11b, unazipitisha moja moja mbele ya leza, mlima wa grafu unaona umehamia kulia. Mara ya kwanza nilipiga kelele peke yangu 😂

Ila angalia mkia wa huo mlima, kuna seli zimebaki palepale. Na hata zilizohama zina jeni mbovu zilezile, laktoferini, protini ya kinga, hazitengenezi kama neutrofili ya kweli. Retinoiki inatibu kweli wagonjwa wa leukemia aina ya promielositi, sibishi, lakini hospitali wanaichanganya na arseniki au kemo, haiendi peke yake. Mwandishi hapo kaparuka kabisa.