Lelemama na TANU: nani alimbeba nani?

Kila inapokaribia Desemba 9 hurudi ile kauli ya heshima: kina mama walihamasisha. Waliimba, walipika, walipiga vigelegele, uhuru ukaja.

Wapo wanaoikataa kauli hiyo, na wana hoja. Wanasema TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, iliwachukua wanawake kwa uanawake wao, ikawaacha humohumo. Ilipoundwa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, mwaka 1962, ngoma ikawa ya kulaki wageni. Tazama kampeni za leo: kina mama wenye sare za khanga wanacheza juani, majina ya wagombea yanapangwa ndani. Hoja hiyo siitupi. Ila inamhukumu mwanamke wa 1955 kwa yaliyomkuta baadaye.

Mwaka huo TANU ilikuwa changa. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipouliza wanawake wako wapi, ndipo wanaume wakamwendea Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Oktoba, Oscar Kambona, katibu wa TANU, aliandika barua Uingereza kwamba katika miezi mitatu mama huyo ameandikisha wanawake 5,000. Katibu wa chama anapowaandikia watu wa nje hukosi chumvi. Haya, ipunguze nusu. Wanawake 2,500 katika miezi mitatu, na mwandikishaji ni mtu asiye na elimu ya kutajwa. Aliwapataje?

Hakugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa lelemama, vikundi vya ngoma vya wanawake wa Pwani. Vikundi vile vilikuwa na vyeo, ada, sare, mweka hazina, na ushindani mkali wa kikundi na kikundi. Ukimpata kiongozi umewapata wote, na mahasimu wao hawakubali kupitwa. Ndani yake alikuwamo Mzaramo, Mmanyema, Myao na Mngoni. Taifa ambalo TANU ilikuwa ikilihubiri jukwaani, wao walikwisha kulicheza Kariakoo.

Halafu kuna suala la mkate. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na TANU, na wanaume wengi waliosoma walikuwa watumishi wake. Muuza maandazi na mpika pombe hakuwa na ajira ya kunyang'anywa. Udogo wa nafasi yake, uliomfanya asihesabiwe, ndio uliompa uhuru wa kuthubutu. Wa kumwogopa alikuwa nyumbani: wapo waliowaficha waume zao kadi za chama.

Kwa hiyo neno "kuhamasisha" linawapunja. Walikopesha chama muundo mzima, ambao chama hakikuwa nao. Na kilichowapa nguvu, kwa maoni yangu, ni kwamba kasha la pesa na uongozi vilikuwa vyao, nje ya TANU. Kikundi kilichokuja kwa hiari kingeweza kuondoka. Jumuiya ya chama haiwezi.

Bibi Titi mwenyewe aliyaona hayo ya kuwa na chake nje ya chama. Azimio la Arusha la 1967 lilipomkataza kiongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu. Wengi humsoma hapo kama mwenye tamaa. Lakini msomi alikuwa na cheti na mshahara. Mwanamke wa Pwani asiye na cheti akiba yake ilikuwa vyumba vya kupangisha. Sharti lilikuwa moja kwa wote, uzito wake haukuwa mmoja. Miaka miwili baadaye alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972.

Leo mrithi wa lelemama, kwa maana ya kasha na uongozi, ni kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Kipo pia kikundi kinachosajiliwa halmashauri ili kipate ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo inawafaa wengi, sikatai. Ila kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo, mwanasiasa akikijia na khanga, kitakuwa na nini cha kumnyima?