Kabureta ya Zamani Haikuwa Mbovu

Nina ugomvi na mafundi wa pikipiki wa Goma, ingawa nusu yao ni rafiki zangu. Mpelekee pikipiki ya zamani, hata spana hajashika, ataanza: "Papa, hii kabureta tutupe, nikuwekee mpya." Kabureta ni kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini. Na hiyo mpya ni kitu chepesi kama kopo la nyanya.

Yangu ni Honda CG125 niliyoachiwa na baba mdogo. Ilikaa stoo miaka mingi, tangi likala kutu, na mapezi ya silinda, yale ya kuipooza, yakajaa vumbi jeusi la volkano, lile lile linalotuingia machoni wakati wa kiangazi. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwafikiria watu wasiokumbuka kubadilisha oili. Ndiyo maana valvu zake, ile milango ya kuingiza petroli na hewa na kutoa moshi, husukumwa na fimbo. Hakuna mnyororo wa kuziendesha ambao ungelegea. Wachina wakaiga injini hiyo kwa wingi mno. Kwa hiyo fundi anayeicheka CG yangu mara nyingi ameketi juu ya mjukuu wa CG hiyo hiyo.

Kuifungua niliifungua mwenyewe, na kosa la kwanza lilikuwa langu. Skrubu za Kijapani zina msalaba wake. Bisibisi ya kawaida huruka na kukila kichwa. Niliharibu mbili ndipo mzee mmoja wa mtaa wa Birere akanionea huruma: paka dizeli, acha ilale, asubuhi gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Skrubu za kifuniko cha klachi pia hazilingani urefu. Nilichora kifuniko kwenye boksi la biskuti, nikatoboa matundu, kila skrubu nikaichomeka mahali pake. Usiziweke kwenye sahani moja, tafadhali.

Sasa kabureta. Kabla sijaanza mwenyewe, fundi wa kwanza alikuwa ameshaing'oa na kufunga mpya. Petroli ikawa inadondoka, injini ikiachwa bila kuvuta gesi inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Bahati nzuri ile ya zamani nilimwomba anifungie kwenye mfuko. Niliifungua nyumbani: bakuli lina ukoko wa kijani, jeti ndogo, kile kipande chenye kitundu cha kupitisha petroli, imezibwa na petroli iliyokauka. Basi! Huo ndio ubovu wote. Jirani akaniletea uzi wa waya wa breki nizibue, nikakataa. Shaba ile ni laini, na tundu lake ukilipanua kidogo tu, pikipiki itakunywa petroli maisha yake yote. Niliiloweka siku tatu, nikaipuliza kwa pampu ya tairi hadi nikaona mwanga upande wa pili.

Tangi nilililoweka kwa siki, nikatikisa nati ndani yake, kisha nikasuuza kwa maji yenye magadi. (Usitumie kokoto zetu za volkano badala ya nati. Zinamomonyoka, na utazitoa mwezi mzima.) Rangi sikuigusa. Fundi alitaka kupiga msasa na kupulizia nyeusi inayong'aa, lakini ule mchubuko wa ubavuni ni wa madumu ya baba mdogo.

Sisemi kila cha zamani kibaki. Viatu vya breki, kebo, beringi, matairi: tupa bila kuaga. Hata pistoni niliitoa. Silinda, ambayo kiwandani ilitoka na kipenyo cha milimita 56.5, ilikuwa na mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha, ikabidi ichongwe na kupewa pistoni kubwa zaidi na ringi zake. Lakini hapo tulipima kwanza, ndipo tukahukumu. Kinachoniudhi ni hukumu inayotangulia kipimo, halafu mteja analipia kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Iliwaka kwa teke la nne. Wiki iliyopita fundi yule yule alipita nyumbani, akaizunguka mara mbili, akainama kusikiliza, kisha akaniuliza kama ile kabureta naiuza.