Kuni za Marehemu: Wahindu Wanaojitolea na Hesabu ya Tabianchi

Siku chache baada ya Diwali, picha zilezile hurudi kutoka Delhi. Akina mama wamesimama ndani ya mto Yamuna, maji kiunoni, wameinua vikapu vya matunda kuelekea jua katika ibada ya Chhath, na mto umetanda povu jeupe la majitaka. Wanaowabeza Wahindu wanaojitolea kupambana na mabadiliko ya tabianchi huanzia hapo: mnasema mto ni mungu na ardhi ni mama, mbona mama yenu yuko hivi?

Swali ni la haki, na lina mwenzake zito zaidi. Karibu robo tatu ya umeme wa India hutokana na makaa ya mawe, na miche inayopandwa na waumini Jumapili moja haiwezi kushindana na dohani za mitambo hiyo. Hata kampeni kubwa zina maswali. Taasisi ya Isha, shirika la kiroho la India, ilipotangaza mwaka 2019 mpango wa miti bilioni 2.42 katika bonde la mto Cauvery, kusini mwa nchi, wanamazingira waliuliza kama mto hufufuliwa kwa wingi wa miti.

Kuhusu miti nakubaliana nao. Ninapoachana nao ni pale wanapohitimisha kwamba kazi yote ya watu wa dini ni mapambo. Wanatazama miche. Watazame kuni.

Kuchoma maiti mmoja kwa njia ya jadi hula kuni kati ya kilo 400 na 600. Serikali iliona tatizo hilo zamani, ikajenga matanuri ya umeme, likiwemo la Harishchandra Ghat, ngazi za kushukia mtoni zinazotumika kuchomea maiti kule Varanasi, mji mtakatifu kando ya mto Ganga, lakini wafiwa wengi waliendelea kununua kuni. Huo si ukaidi. Mtoto mkubwa wa kiume anatakiwa auzunguke mwili wa mzazi wake na kuuwasha moto kwa mkono wake mwenyewe, kisha moto ukishakolea, fuvu lipasuliwe kwa gongo ili roho iende zake. Kwenye tanuri mlango hufungwa, na kijana hubaki amesimama mbele ya chuma, hana la kufanya kwa ajili ya baba yake.

Hapo ndipo serikali hukwama na mtu wa ndani ya dini hupita. Shirika la Mokshda la Delhi, lililoanza mwaka 1992, lilitengeneza chanja ya chuma iliyoinuliwa ili hewa ipite chini, na paa lenye dohani juu yake. Kijana bado anazunguka, bado anawasha moto, na kuni zinazohitajika hushuka hadi kilo 150 au 200. Tuchukue akiba ya kilo 250 tu kwa maiti mmoja. Uwanja unaochoma miili 20 kwa siku utaokoa tani 5 kila siku, zaidi ya tani 1,800 kwa mwaka, na hapo hakuna mfiwa aliyeambiwa ibada yake ni kosa.

Marehemu Veer Bhadra Mishra alilijua hilo kuliko wengi. Alikuwa kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, Varanasi, na wakati huohuo profesa wa uhandisi wa maji. Alioga Ganga alfajiri kama muumini, na taasisi aliyoianzisha mwaka 1982 ikawa inapima uchafu wa mto huohuo. Alieleza kwamba ukimwambia muumini Ganga ni mchafu, anaumia na kuacha kukusikiliza. Mwonyeshe majitaka yanayomwagwa mle, naye atakasirika kwa ajili ya mama yake.

Mzigo uliobaki ni mkubwa. Tamko la Kihindu kuhusu tabianchi lilitolewa mwaka 2015, kabla ya mkutano wa tabianchi wa Paris, lakini mahekalu yanayosifu ardhi kila siku bado ni mepesi wa kunyamaza yakifika kwenye makaa ya mawe. Wanaojitolea wanastahili kudaiwa hilo. Na kuna jambo la karibu zaidi: jamii ya Dom kule Varanasi, ambao kwa vizazi ndio wanaohudumia moto wa maiti, pamoja na wauza kuni walio kando yao. Kila kilo inayookolewa inagusa riziki iliyopo kwenye ngazi zilezile za mto, na chanja ya chuma, pamoja na uzuri wake wote, haina jibu kwao.