Saa za simu hazisemi kijana anakimbia nini

Mzazi akimkuta mwanawe yuko TikTok saa saba usiku, neno la kwanza ni "uraibu". Wataalamu hawana haraka hiyo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, ICD-11, inautambua uraibu wa michezo ya kidijitali, lakini wa simujanja haumo. Kipimo kinachotumiwa sana na watafiti, kilichoundwa Korea Kusini mwaka 2013, kina maswali 10, na hakuna linalotaka idadi ya saa. Kinauliza kama kazi zinalala, kama darasani akili inahama, kama simu ikiwa mbali mtu anakosa utulivu.

Wanaozilaumu programu wana hoja nzito. Unavuta kioo chini: pengine kuna like mpya, pengine hakuna. Mwanasaikolojia B.F. Skinner alishaonyesha kwamba tuzo isiyotabirika ndiyo hufanya tabia iwe ngumu kuacha. Ongeza ukurasa usio na mwisho, na tiki za bluu zinazomwambia kijana kwamba ujumbe wake umesomwa, ila hajajibiwa.

Lakini kwa nini wawili wa darasa moja, wenye programu zilezile, mmoja aiweke simu chini na mwenzake ashindwe? Hapa ndipo upweke, wasiwasi na pupa vinapoingia. Anayeogopa hesabu akifungua simu hupata nafuu papo hapo, na ubongo unaikariri nafuu ile. Hesabu zinarundikana, hofu inakua, mkono unarudi kulekule. Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana wa Marekani na Uingereza, wakakuta teknolojia inaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wapinzani wanajibu, na wana haki, kwamba wastani huwaficha wachache walioumia sana, tena saa za matumizi walizitaja vijana wenyewe, na watu hukadiria vibaya.

Kunyang'anya simu mchana kutwa, basi, huondoa nafuu na kuiacha hofu palepale. Ataazima ya rafiki. Afadhali kwa wiki moja aandike, kabla ya kuifungua, alikuwa anahisi nini. Ikionekana ni hesabu kila mara, azigawe vipande vya dakika 20. Arifa za like zizimwe, simu za kupigiwa na meseji za pesa zibaki.

Usiku ni habari nyingine, na hapo niko na wakali. Bando la usiku ni rahisi kwa bei, na aliyekosa usingizi hujizuia kwa shida kesho yake. Simu ichajiwe sebuleni. Kisingizio cha alamu kinaisha kwa kununua saa ya mezani.

Ikiwa kinachofunguliwa ni mkeka wa kubeti, hiyo ni kamari. Kupunguza saa za simu hakutasaidia kitu wakati njia ya kukopa pesa za kubeti kwa simu bado iko wazi.